Ndoo ya Baba Rukia

Kama umelala chali wodini sasa hivi, mguu mmoja huusikii na mwingine unauma kwa niaba ya yote miwili, haya nimeyaandika kwa ajili yako.

Mimi si mtaalamu. Nilisoma mpaka darasa la saba, Tanga, na Kiingereza changu ni cha dukani na cha kwenye basi. Habari za mifupa na dawa waulize wenyewe. Mimi nitakueleza nilivyoanguka, nilivyongoja, na nilichokigundua katika kungoja huko, maana kungoja ndiyo sehemu kubwa ya kuvunjika.

Mimi na mume wangu, Baba Rukia, tulikuwa na duka dogo mtaa wa Perry Barr, huku ughaibuni, katika safu ya maduka matano yenye mwenye jengo mmoja. Tuliuza madera, kanga, udi, mafuta ya nazi na kadi za kupigia simu nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua kila siku. Alitoka kwetu, mtaa wa Newtown, alfajiri, akishasali, na mimi nikamfuata kwa basi saa nne nikishamaliza mambo ya nyumbani. Akifungua, kwanza alimwaga ndoo ya maji kizingitini na kufagia, kama baba yake alivyofanya dukani kwao Tanga. Alisema riziki haipendi kukanyaga vumbi. Perry Barr vumbi la kufagiwa halikuwepo, lakini alimwaga.

Alifariki mwezi wa tano. Moyo. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi katika fleti yetu, ghorofa ya sita, nikihesabu magari yanayoingia mjini na kusahau nimefika ngapi. Binti yetu Rukia, anayefanya kazi ofisini, alifungua duka Jumamosi tu, ili wateja wasituzoee kufungwa.

Eda ilipokwisha majani yalikuwa yameanza kuanguka. Siku ya kwanza kurudi dukani nilikuta ndoo yake ya bluu nyuma ya mlango, kavu, ufagio umesimama ndani yake. Sikulia. Niliijaza maji. Kumwaga maji yale ndiyo ilikuwa namna yangu ya kumwambia kuwa nimefika.

Siku hiyo hiyo, nikisafisha stoo, nilikuta nusu gunia la chumvi ya mawe, ya kahawia, chafu chafu. Chumvi hiyo niliijua kwa sababu ilitugombanisha. Majira ya baridi yaliyotangulia niliwahi siku moja kufika dukani mapema, nikaikuta imetapakaa kizingitini. Mimi wiki hiyo nilikuwa nimetoka darsani, kwa rafiki yangu wa mtaa wa Winson Green, tumeonywa habari za watu wanaotia chumvi mlangoni kukinga jicho na husuda.

"Baba Rukia! Mtu mzima, unatuaibisha!"

"Mama Rukia, chumvi hii..."

"Sitaki kusikia. Mkinga husuda ni Mungu, si chumvi."

Nikachukua ufagio nikaifagia yote mbele yake. Alicheka, akaingia ndani. Sikuiona tena mpaka siku hiyo ya stoo, na siku hiyo nililiburuta gunia mpaka kwenye pipa la taka. Nilijiona nimemstiri marehemu.

Nikamwaga maji mwezi wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili. Mwezi wa kwanza, asubuhi moja ya baridi kavu, nilimwaga, nikafagia, nikaingia ndani kuwasha hita na kuchoma udi. Haikupita nusu saa nikatoka na madera mkononi niyatundike nje. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili haikuwa na chini.

Nilisikia mlio kama wa muwa unapovunjwa. Nilidhani ni fimbo ya kutundikia nguo.

Jirani yetu Papa Mado, kinyozi, Mkongomani wa Lubumbashi, alitoka mbio na mashine ya kunyolea mkononi, bado inanguruma.

"Mama Rukia! Usitingizike! Bakia vile vile!"

Alivua koti lake, na kabla ya jambo lolote akanifunika miguu, kwa sababu dera lilikuwa limepanda. Kisha ndipo akapiga simu. Watu wengi wamenisaidia tangu siku hiyo, wenye mashine na elimu, lakini lile koti nalikumbuka kabla yao wote.

Ilikuwa nyonga ya kushoto. Walinitia chuma na skrubu, nikalala wodini wiki mbili na siku kadhaa. Katika wiki hizo niligundua kuwa mwili una aibu zake na haziishi kwa mpigo mmoja. Kuna aibu ya chombo cha haja kitandani. Kuna ya dawa za maumivu zinazofunga tumbo mpaka unaomba dua kwa jambo ambalo hujawahi kuliombea. Nywele zilitoka kwenye kitana kwa mafungu. Paja la kushoto lilisinyaa hata nikiligusa usingizini naamka, nadhani ni la mtu mwingine. Na niliporudi nyumbani, Rukia ndiye aliyeniogesha. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki bafuni, akaanza kwa kuniuliza kama maji yana joto la kutosha. Mimi nilikuwa nikimuuliza hivyo hivyo, kwenye beseni, tulipohamia mji huu. Sote wawili tulitazama ukuta.

Lakini usidhani palikuwa na upole tu. Rukia anaelewa Kiswahili chote, ila hunijibu kwa Kiingereza. Akikasirika ndipo Kiswahili kinamtoka.

"Mum, mkataba wa duka unaisha mwezi wa nne. Tusiendelee."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeanguka!"

"Watu huanguka, mwanangu."

"Ulianguka kwa nini?"

"Barafu."

"Papa Mado hana barafu? Yule wa duka la kuku hana barafu? Kwa nini mlangoni kwetu tu? Kama hujui kwa nini ulianguka, utaanguka tena. Nimezika mmoja mwaka jana, Mum. Siwezi."

Akasema tena, taratibu, "Niambie kwa nini, halafu tutaongea habari ya duka."

Duka lile ndilo lililobaki la baba yake. Nguo zake tulikwisha kuzitoa sadaka. Lakini daftari la wateja lilikuwa na mwandiko wake, na kwenye kiti chake cha dukani palikuwa na shimo la mgongo wake. Kwa hiyo lile swali la "kwa nini" lilikaa nami kuliko maumivu. Usiku wa maumivu huisha. Swali nililiamkia kila asubuhi.

Shemeji yangu Masoud, mdogo wa marehemu, alikuja na jibu lake tayari. Alikaa kwenye kochi, akanywa chai vikombe viwili, akatoa fomu.

"Shemeji, ni mfereji wa bati, ule wa maji ya mvua. Unavuja pale juu ya mlango wenu miaka yote, na mwenye jengo anajua. Kuna jamaa wa madai ya fidia, usiposhinda hulipi kitu. Wewe jaza tu hapa: sababu ya kuanguka."

Nilifurahi, nisikufiche. Mfereji kweli ulikuwa unavuja. Nikamwambia aniachie fomu, nitaijaza nikipata nguvu. Lakini kila nilipoishika kalamu nilimkumbuka Rukia: kwa nini mlangoni kwetu tu? Mfereji ule ule ulipita juu ya milango yote mitano.

Wiki ya sita nilirudi kliniki ya mifupa kupigwa picha. Mwezi wa pili ulikuwa umeanza. Kile chumba cha kungojea kilijaa mpaka watu wakasimama, na kila mtu alikuwa na plasta, gongo au fremu ya kutembelea kama yangu. Karibu yangu alikaa mwanamke wa Kisomali aliyekulia Garissa, jina lake Halima, mkono umefungwa mpaka kwapani.

"Wewe pia ni barafu?" aliniuliza aliposikia nikimsemesha Rukia. "Karibu kwa chama. Sisi ndio wanachama, yule daktari ni katibu."

"Wewe ulianguka wapi?"

"Supermaketi, bana. Si nje, ndani! Watu wanaingia na theluji kwa viatu, inayeyuka hapo mlangoni, na mkeka wenyewe umeloa chapa chapa. Nikateleza hadi kwa ndizi."

Nilicheka mpaka nyonga ikanikataza. Halafu nikashikwa na hamu ambayo sijui niiite nini. Nikataka kumuuliza kila mtu. Nikageukia kijana mwenye gongo: aliteleza kwenye maegesho ya kiwanda, mahali penye mteremko, kumemwagwa mchanga njia ya magari lakini si njia ya watu. Mama wa Kipunjabi alitafsiriwa na mwanawe: ngazi za nyuma za mkahawa, mpishi alikuwa amemwaga maji ya kudekia. Mwingine alikanyaga majani yaliyooza chini ya theluji. Mwingine aliona kibao cha kuonya utelezi, akakisoma, akateleza akikisoma.

"Mum, unawahoji?" Rukia alininong'oneza. Alikuwa ameinamisha uso kwa haya.

"Nawauliza tu."

"Una bahasha imejaa maandishi."

Kweli nilikuwa naandika, nyuma ya bahasha ya hospitali. Ndipo mzee mmoja wa Kijamaika, aliyekuwa akitusikiliza kwa muda, alipojitambulisha. Alikuwa mtunza jengo la ofisi kwa miaka mingi, hakuna aliyeanguka kwake hata mmoja. Kisha akastaafu, akavunja kifundo cha mkono nyumbani kwake mwenyewe, akitoa chupa tupu za maziwa mlangoni. Mkewe bado anamcheka. Nilimweleza habari ya mlango wangu. Aliniuliza swali moja.

"Mvua ilinyesha lini, kabla ya siku hiyo?"

Sikukumbuka. Rukia ndiye aliyekumbuka: wiki nzima ilikuwa kavu, alikuwa ameosha gari lake kwa sababu hiyo.

"Basi mfereji haukuwa na cha kuvuja," mzee akasema. "Barafu haina miguu, mama. Haikuja hapo kwa kutembea. Tafuta maji yalitoka wapi."

Wakaliita jina langu. Daktari alinionyesha picha, mfupa umeshika, chuma kinang'aa kama kijiko. Alikuwa akieleza jambo jema na mimi sikulisikia. Nilikuwa nikiiona ndoo ya bluu.

Ni mimi. Maji yalitoka mkononi mwangu.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu, nikisali kwenye kiti, na kila nilipoinama kusujudu hewani nililiona lile duara la maji linalong'aa kizingitini. Lakini udadisi ulinishinda hata aibu, kwa sababu hesabu haikukamilika. Baba Rukia alimwaga maji pale majira ya baridi tisa. Hakuanguka yeye, hakuanguka mteja. Yeye aliwezaje?

Masoud aliporudi kuchukua fomu, nilimpa. Mahali pa sababu nilikuwa nimeandika: nilimwaga maji mwenyewe, yakaganda.

Aliisoma mara mbili. "Shemeji, umefanya nini? Ukweli wote si lazima usemwe."

"Ulioniangusha ni huu."

"Na mfereji je? Mfereji unavuja, si uongo!"

"Unavuja. Nitamwandikia mwenye jengo autengeneze. Lakini haukunivunja mimi."

Aliondoka bila kumaliza chai, na Masoud si mtu wa kuacha chai. Tulikaa karibu mwezi hatujaongea. Hilo nalo ni gharama ya ugonjwa, ulijue: watu wanaokupenda watakasirika kwa ajili yako, na wakati mwingine watakukasirikia wewe.

Mwezi wa tatu, niliposhuka kutoka fremu hadi magongo mawili, nilimwomba Rukia anipeleke dukani. Aliniacha kwa Papa Mado, akaenda kutafuta mahali pa kuegesha gari. Papa Mado alinikalisha kwenye kiti cha wateja, kile cha kupanda na kushuka, akanipandisha kidogo nisipate taabu ya kukunja nyonga.

"Papa Mado, nikuulize. Marehemu alikuwa anamwaga maji hapa wakati wa baridi?"

"Maji? Wakati ya barafu? Hapana, mama! Ile alikuwa anafanya wakati ya joto. Wakati ya baridi kali alikuwa anakuya na ndoo ile ile, lakini ndani ni chumvi tu. Anatupa na mukono, hivi, hivi, kama mutu anapanda mahindi."

Niliutazama mkono wake ukirusha hewani.

"Weye haukuyua?" akauliza.

"Nilidhani ni ya husuda."

"Ya bulozi, ya uchawi?" Alicheka, akaona uso wangu, akaacha. "Hapana, mama. Ni ya barafu. Manispaa wanatupa chumvi ile ile na malori yao, kwa barabara kubwa. Alikuwa ananiwekea na mimi hapa mulangoni. Asubui ile weye ulianguka, nilisema moyoni: oyee, Papa Rukia angekuwa hapa."

Kumbe nilipofika saa nne, kila siku, chumvi ilikuwa imekwisha kuyeyuka na kizingiti kimekauka. Na siku moja niliyowahi, nikamkatiza. "Chumvi hii," alisema, na mimi sikumwacha amalize. Baada ya hapo hakubishana nami. Aliendelea tu kabla sijafika.

"Tena haikukuwa hapa tu," Papa Mado akaendelea, akinyoosha kidole dirishani. "Alikuwa anaenda mpaka kule bisi inasimama. Mie nilimuuliza: Papa, kule ni kwa manispaa, unapoteza chumvi ya bure. Akanijibu: Mama Rukia anashukia pale."

Sikuwa nimelia tangu mwezi wa tano, mbele ya watu. Nililia kwenye kiti cha kinyozi, mteja mmoja akiwa amenyolewa nusu kichwa anatazama gazeti lake kwa adabu. Papa Mado alinitandikia ile shuka ya kuzuia nywele, akanipa na taulo. Rukia alipoingia alidhani nimeanguka tena.

"Mum! What happened?"

"Kaa," nikamwambia. "Nimejua kwa nini."

Nikamweleza yote, maji, gunia, pipa la taka, na siku nilipomfagilia baba yake chumvi miguuni. Sikujipunguzia. Nilitaraji aseme, basi, ni kosa lako, tufunge. Aligeukia dirishani. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, bila hasira, "Mpaka kituo cha basi?"

"Mpaka kituo cha basi."

Mwezi wa nne mkataba tuliuendeleza, kwa mwaka mmoja kwanza. Masharti aliyaandika Rukia. Mimi sifungui peke yangu. Maji ni ya kiangazi tu. Mwenye jengo nilimwandikia barua, na mfereji ukatengenezwa kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Wenye maduka matano tuliketi kwa Papa Mado, tukakubaliana gunia moja la chumvi tulitumie sote, na kila jioni mmoja wetu asikilize utabiri wa hewa. Chumvi ikimwagwa kabla barafu haijashika hufanya kazi kuliko ikimwagwa baadaye. Wa kuku aliacha kumwaga maji ya kudekia nyuma. Mimi nilinunua mikeka miwili, mmoja ukiloa mwingine unakauka, nikimkumbuka Halima na ndizi zake. Masoud ndiye aliyeibeba kutoka kwenye gari. Hakusema neno juu ya fomu, aliuliza tu chai iko wapi.

Usione nakuletea mambo ya duka badala ya ugonjwa. Kwangu ni kitu kimoja. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinifundisha kupanda ngazi, mguu mzima utangulie, wa kushuka uwe ule mgonjwa. Lakini hofu ya kukanyaga chini haikutolewa na fizio. Ilianza kutoka siku nilipojua kilichonivunja. Na wewe, ukipata nguvu, uliza. Uliza ulianguka kwenye nini, na hicho kitu kilifikaje pale. Hata kama jibu litakuwa wewe mwenyewe.

Sasa natembea na mkongojo. Mguu wa kushoto umekuwa mfupi kidogo, kiatu kimoja kina kisigino cha nyongeza. Kusujudu chini niliweza tena mwezi wa tisa, na kuinuka kulichukua muda wake. Wakati mwingine bado nasali kwenye kiti.

Baridi kali ya kwanza ilikuja mwezi wa kumi na mbili, Jumamosi. Papa Mado alikuwa amekwisha kuweka chumvi kwenye milango yote mitano. Masoud alinifungulia duka, nikachukua ndoo ya bluu, imejaa chumvi robo, nikaanza kutoka kizingitini. Mkono mmoja mkongojo, mkono mmoja ndoo; natua ndoo, narusha, nainua, naenda. Njia ya dakika mbili ilinichukua karibu nusu saa. Nilifika kituoni ndoo ikiwa tupu.

Basi likaja. Rukia, ambaye siku za barafu huliacha gari nyumbani, alishuka, simu sikioni, anacheka na rafiki yake kwa Kiingereza, akatembea moja kwa moja hadi dukani, hakutazama chini hata mara moja. Nilimfuata nyuma taratibu na ndoo yangu, na sikumwambia kitu.